Mtu wa Kumi

Mjukuu wangu, Gerezani niliyokulia mimi siyo hii yako ya vipuri vya magari, vyuma chakavu na mabasi ya mwendokasi. Ilikuwa Gerezani ya reli. Baba alikuwa fundi wa karakana, na nyumba yetu iliishi kwa king'ora cha karakana: kikilia asubuhi, mama ameshachota maji na chai imeshaiva, kikilia jioni, sisi watoto tunaacha gololi na kukimbilia kunawa miguu. Mtaa ulinuka grisi na moshi wa garimoshi, na upepo ukigeuka ulituletea uvundo wa matope ya mkondo wa bahari ulio kule nyuma, ukachanganyika na harufu ya vitumbua vya bibi mmoja wa Kizaramo aliyekaa barazani kwake tangu kabla ya adhana ya alfajiri. Kitumbua senti 5, kahawa senti 5, na mtoto mwenye senti 20 mfukoni hakukosa marafiki. Mtaa wa Kipata, ambao siku hizi unaitwa kwa jina la Kleist Sykes, ulikuwa hapohapo, na watu ambao wewe unawasoma katika historia ya vyama vya TAA na TANU sisi tuliwajua kama baba za wenzetu wa kucheza chandimu. Wakipita na tai zao kuelekea Mnazi Mmoja, tuliwaamkia shikamoo tukaendelea na mpira.

Ijumaa ndiyo iliyokuwa kilele cha wiki. Alhamisi jua likizama, kwetu tayari ni usiku wa Ijumaa. Bibi alifukiza udi chumba kwa chumba na kutukanya tusipige miluzi. Kesho yake adhuhuri mafundi walitoka karakana wamesugua mikono kwa mafuta ya taa kisha sabuni ya mche, wakavaa kanzu zilizopigwa pasi ya mkaa, na msikiti ukafurika hadi barabarani. Lakini sala ikiisha, imeisha. Baba alirudi kwenye vyuma vyake, wauza mihogo walirudi Kariakoo, na kwa kweli hakukuwa na saa nzuri ya kuuza kitu kuliko ile ambayo watu mia tano wanatoka msikitini wakiwa na njaa. Dini yetu yenyewe imetuelekeza hivyo: wito ukisikika acha biashara, sala ikimalizika tawanyikeni mkatafute riziki. Nilikua nikijua kwamba siku tukufu ni siku ya kusali na kuuza. Kwamba kuna watu wanaofunga wiki yao kwa kufuli, wakazima kila kitu tangu jua kuzama mpaka jua lingine kuzama, sikuwa na habari. Myahudi nilimjua kwa kisa cha Musa na Firauni tulichofundishwa chuoni, na baada ya Uhuru nikawaona kwa mbali Waisraeli waliokuja kama wataalamu wa ushirika, na wale waliosanifu Hoteli ya Kilimanjaro iliyofunguliwa 1965. Sinagogi sikuwahi kuliona Dar es Salaam.

Mwaka 1968 niliajiriwa karani mdogo katika Reli na Bandari za Afrika Mashariki, na kwa kuwa makao makuu ya reli yalikuwa Nairobi, huko ndiko nilikopelekwa. Garimoshi mpaka Moshi, kisha basi la kupitia Namanga. Nikashuka Nairobi mwezi Julai nimevaa shati la mikono mifupi, meno yanagongana. Aliyenipokea ni mjomba, kaka yake mama, mtu wa Pangani aliyekwenda Nairobi baada ya vita vya Hitler na hakurudi tena ila kwa misiba. Alikuwa na chumba Pumwani, kitanda kimoja na godoro moja la chini, ambalo ndilo likawa langu. Mjomba alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kofia ya kiua iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama ngozi ya sikio, na kazi yake ilikuwa kulinda na kutunza sinagogi la Wayahudi na ukumbi wao wa jumuiya. Pumwani walimwita Mzee wa Mayahudi, naye aliitika. Mshahara wangu nusu yake ilikwenda posta kwa mama, nusu ililiwa na Nairobi, kwa hiyo aliponiambia wanahitaji kijana wa kumsaidia Ijumaa jioni na Jumamosi nisizokuwa na zamu ofisini, sikuuliza mara mbili. Shilingi 5 kwa wiki. Kwa shilingi 5 wakati ule ulikula nyama.

Jengo lenyewe liko kwenye kona, pale Uhuru Highway inapokutana na University Way, mkabala na chuo kikuu. Jiwe la msingi la sinagogi la kwanza liliwekwa 1912, mji wenyewe ukiwa bado mabati na matope, na hili lililopo sasa lilifunguliwa 1955. Kando yake ndipo ulipo Ukumbi wa Vermont, ambao ndio hasa uliokuwa sebule ya jumuiya. Wazee wao walikuja kwa njia nyingi. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapendekezea wafuasi wa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, ardhi katika nyanda za Uasin Gishu. Watu wakauita mpango wa Uganda ingawa ardhi hiyo leo ni Kenya, na wenyeji wa pale hakuna aliyewauliza. Mkutano wao wa Basel ukaukataa mwaka 1905. Hata hivyo wachache walikuwa wameshafika. Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania, alitokea Afrika Kusini mwaka uleule wa 1903, na wazee walipenda kusimulia jinsi alivyoanza kwa kushona magodoro ya majani mpaka akaja kuinunua Hoteli ya Norfolk mwaka 1927. Mwingine wa jumuiya hiyo, Israel Somen, alikuwa meya wa Nairobi katikati ya miaka ya 1950. Nilipofika mimi, Uhuru wa Kenya ulikuwa na karibu miaka mitano, wengi walikuwa wameuza mashamba na kwenda London, Johannesburg au Israeli, na viti vilikuwa vingi kuliko watu.

Wiki ya ukumbi niliijua kwa harufu. Jumapili ilinuka chaki na machungwa, maana ndiyo siku ya watoto kusomeshwa Kiebrania; herufi zao zinaandikwa kutoka kulia kama zetu za chuoni, na nikipita na ufagio nilisikia wakiimba alfabeti kwa sauti ileile ya kuburuza tuliyoimbia sisi alifu, be, te. Katikati ya wiki akina mama walikutana kwa chai na hesabu za michango, marashi yao yakabaki kwenye mapazia mpaka kesho yake. Alhamisi ilikuwa siku ya dawa ya sakafu. Mjomba alipiga magoti na tambara la sufu akasugua mbao mpaka unajiona uso, na ole wako ukanyage kabla haijakauka. Ijumaa mchana ukaingia mkate: mikate iliyosukwa kama nywele za bi harusi, imepakwa ute wa yai ikawa na rangi ya shaba, inaletwa miwili miwili na kufunikwa kitambaa. Ni miwili, mjomba alinieleza, kwa sababu wazee wao walipokuwa jangwani na Musa, mana ilishuka kila siku kipimo kimoja, lakini Ijumaa ilishuka viwili, ili Sabato mtu asitoke kutafuta. Alinieleza hayo kama anayesimulia habari za ukoo wake, na ukizingatia kwamba Musa ni nabii wetu pia, sikuona ajabu.

Kilichonishangaza ni saa. Sabato yao huingia jua linapozama Ijumaa, sawasawa na usiku wetu unavyotangulia mchana, na mishumaa huwashwa dakika kama 18 kabla. Fundi saa mmoja mzee, ambaye nitakusimulia habari zake, aliniambia kwamba alikozaliwa Ujerumani, wakati wa baridi kali Sabato iliingia saa kumi jioni, na kiangazi ikasubiri mpaka karibu saa tatu za usiku, na mama yake hakukosea hata mara moja. Nairobi iko chini ya ikweta. Mwaka mzima jua linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu, dakika chache mbele au nyuma. Kwa hiyo ilipofika saa kumi na mbili Ijumaa, ungeona pale langoni watu wanawahi kwa namna ambayo sikuizoea kwa wazungu: mwanasheria anatembea haraka huku anafunga kifungo, mwenye duka la vitambaa ana vumbi la pamba mabegani, kijana wa Kiisraeli wa kampuni ya ujenzi wa barabara ana udongo mwekundu wa Thika kwenye viatu. Wakivuka lango wanapunguza mwendo. Nyuso zao zilibadilika hapohapo, na mimi niliyesimama na funguo niliona kila wiki. Mtu aliyekuwa waziri wa shughuli zake dakika moja iliyopita sasa hana la kufanya, na wala hana ruhusa ya kulifanya.

Maana katazo lao si mchezo. Wanazuoni wao walizihesabu kazi kuu 39 zisizofanywa siku ya Sabato: kuwasha moto na kuuzima, kuandika, kushona, kupika, kuvuna, kubeba kitu kukitoa nje, na kadhalika, na kila moja ina matawi yake. Taa ya umeme wakaihesabu na moto. Kwa hiyo taa za ukumbi ziliwashwa kabla ya jua kuzama na kazi ya kuzima ilikuwa yetu. Lakini hapo napo kuna ufundi: hawakutakiwa kukuamuru. Hakuna aliyesema zima ile. Mzee mmoja angesimama mlangoni akasema kwa sauti, kama anayesema na ukuta, kwamba leo taa ya ukumbini inawaka mpaka asubuhi. Mjomba akajibu kwamba yeye mwenyewe kwa kweli mwanga unamuumiza macho, akazima. Waliyacheza maneno hayo kila Ijumaa na hakuna aliyecheka. Pesa nayo haiguswi. Shilingi 5 zangu nilizifuata Jumapili asubuhi, zimefungwa kwenye bahasha, na hata ungekufa njaa Jumamosi usingemwona mtu wa kukukopesha senti. Jirani zangu wa Pumwani hili waliliona la ajabu kuliko yote. Walinitaka niape kwamba kuna siku nzima ambayo Myahudi hashiki pesa, na nilipoapa bado hawakusadiki. Uongo juu ya watu huwa na miguu mirefu.

Jumamosi asubuhi ilikuwa siku ya kusoma. Torati yao imeandikwa kwa mkono juu ya ngozi, imezungushwa kwenye vijiti viwili na kuvikwa kanzu ya mahameli, na wanapoitoa kabatini watu wote husimama. Imegawanywa mafungu, kila wiki fungu lake, mwaka ukiisha wamemaliza na kuanza upya siku ileile. Mtu akiwa Nairobi na nduguye yuko Buenos Aires, Jumamosi hiyo wote wako kwenye aya zilezile. Sisi tunazo juzuu 30 na hitima zetu za Ramadhani, kwa hiyo jambo la kusoma kitabu kwa mpango halikuwa geni. Geni kwangu ilikuwa namna walivyobishana nacho. Baada ya kusoma kulikuwa na mawaidha, kisha wakihamia ukumbini kwenye divai, keki na samaki wa chumvi, ndipo mawaidha ya kweli yalipoanza. Mmoja aliuliza kwa nini Musa alinyimwa kuingia nchi aliyoahidiwa kwa kosa la kupiga mwamba. Wengine wakamtetea Musa mbele ya Mungu kama mawakili. Madrasa niliyosoma mimi, ukiuliza swali la namna hiyo ulikula bakora kwanza. Nilikuwa nikipita na sinia taratibu kuliko ilivyohitajika, ili nisikie hukumu.

Sasa nikueleze habari ya watu kumi, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Kwao sala ya jamaa haitimii mpaka wawepo wanaume kumi waliobaleghe. Wakiwa tisa, hata kama mmoja wao ni tajiri wa Nairobi nzima, Torati haitolewi kabatini na sala ya kuwakumbuka wafu, Kadishi, haisomwi. Jumuiya ilikuwa inapungua kila mwaka, na Jumamosi za mvua ya masika nilikuwa naona macho yao yanavyohesabu. Vinywa havikuhesabu, maana kwao ni mwiko kuwahesabu watu moja, mbili, tatu. Wanatumia aya moja ya Zaburi ambayo kwa Kiebrania ina maneno kumi, kila mtu anasomewa neno lake. Bibi yangu Gerezani naye alikuwa mkali hivyohivyo: ukihesabu watoto wake kwa kidole alikupiga mkono, akasema unawaitia husuda. Asubuhi moja walikuwa tisa. Mzee mmoja alikuwa na kumbukumbu ya kifo cha mkewe, amevaa suti nyeusi iliyochakaa kwapani, na Kadishi ile ndiyo iliyomleta kutoka mbali. Saa tatu ikapita, saa tatu na nusu. Simu hawapigi. Hakuna aliyesema neno, ila mmoja alimwambia mjomba kwamba Norfolk huwa na wageni wengi kutoka kila pembe ya dunia. Mjomba akanitazama, nami nikatoka mbio.

Norfolk ni hatua chache kutoka pale. Mpokezi alinikagua kuanzia viatu, nikamweleza shida yangu kwa Kiswahili cha adabu cha pwani, akaangalia kitabu chake akanyanyua mabega. Ndipo mtu mmoja aliyekuwa akinywa chai kwenye veranda, mnene, amevaa kaptura ya watalii na soksi ndefu, akaniuliza kwa Kiingereza nimesema nini kuhusu sinagogi. Nikamwambia: wako tisa. Sikuongeza la pili. Akaacha chai yake inafuka, akafunika kichwa kwa leso ya mezani iliyokunjwa pembe nne, tukaenda. Alipoingia mlangoni na kaptura yake, wale wazee wa suti hawakumtazama miguu hata kidogo; mmoja alimshika mkono akampa kitabu, na ndani ya dakika mbili nikasikia Kadishi imeanza. Mgeni yule sikumwona tena, na jina lake hakuna aliyeliuliza mpaka sala ilipokwisha. Nimeona mikutano ya maelfu Mnazi Mmoja na Jangwani, nimesikia hotuba za watu wakubwa, lakini mpaka leo naamini jamii hupimwa pale mtu mmoja anapopungua na pengo lake likaonekana.

Jikoni kwao nilipata taabu na raha pamoja. Nyama na maziwa havikutani. Rafu nyekundu ni vyombo vya nyama, ya bluu ni vya maziwa, hata tambara la kufutia haliazimani. Nilipomweleza mpishi wao kwamba kwetu nyama ya biriani inalazwa kwenye mtindi usiku kucha, alishika kifua. Samaki sharti awe na mapezi na magamba. Changu sawa, kamba hapana, kaa hapana, pweza ndiyo usimtaje. Mtu wa Gerezani kuambiwa pweza ni haramu! Lakini nguruwe tulimkataa pamoja, na mchinjaji wao alichinja shingoni kwa kisu kisicho na pengo na kumwaga damu yote, kwa hiyo mjomba, baada ya kuuliza shehe wake Pumwani na kupewa ruhusa, alikula pale bila wasiwasi. Kilichonivutia zaidi ni chakula cha Jumamosi, maharage na nyama na viazi, kilichotiwa kwenye moto mdogo Ijumaa mchana kikaachwa kijipikie usiku kucha bila kuguswa. Ukikifunua, harufu ilifika langoni.

Fundi saa niliyemtaja alikuwa na kibanda cha kutengeneza saa mjini na meza iliyojaa magurudumu madogo. Jumamosi alikuja kwa miguu, mkono wa kushoto una alama nyeupe ya mkanda, maana hata saa yake aliiacha nyumbani; kuitia ufunguo ni kazi. Alikuja mwaka 1938 kwa meli ya Kijerumani iliyoitwa Ussukuma, na mimi nikamwambia hilo ni jina la nchi ya Wasukuma, wateja wakubwa wa reli yetu ya Mwanza, akacheka sana kwamba Wajerumani walimtoa kwao kwa meli yenye jina la Tanganyika. Serikali ya Kenya ilidai dhamana ya pauni 50 kwa kila mkimbizi. Vita vilipotangazwa Septemba 1939, Waingereza waliwakamata kama maadui kwa kuwa pasi zao zilikuwa za Ujerumani; wake na watoto wao wakawekwa, ukisadiki, Norfolk. Jumapili moja nilijipa moyo nikamwuliza. Mzee, nikasema, amri yenu inataka mtumishi naye apumzike, na hata punda. Mimi je? Alinyamaza kitambo, miwani imeshuka puani. Akaniuliza siku yangu ya kupumzika ni ipi. Nikajibu Ijumaa, lakini Ijumaa niko reli mpaka jioni. Akasema, basi tunakudai wawili, mimi na reli. Nikamsahihisha: mnadaiwa. Kiswahili chake kilikuwa hivyo, kinapinduka. Tangu wiki ile sikubebeshwa tena viti Jumamosi. Aliniletea kimoja mwenyewe Ijumaa mchana, akakiweka kivulini karibu na lango.

Nilipokwenda likizo Gerezani mwaka 1969 nilitaka kumletea fundi saa zawadi, na sikujua mzee wa namna ile unampa nini. Nikaingia soko la Kariakoo, lile la zamani ambalo Wajerumani walilimaliza 1914 kwa ajili ya maonyesho ya kumtukuza Kaisari wao, vita vikazuia, Waingereza wakalifanya kambi ya wapagazi wa Carrier Corps, na jina likatokana na hao. Ndani kulikuwa na joto la watu, papa mkavu, ndizi zilizoiva kupita kiasi na nazi zilizokunwa. Kwenye kona ya viungo, Mshihiri mmoja mwenye jicho moja aliuza karafuu za Unguja kwa kikombe cha bati: shilingi moja na nusu, naye akanipunguzia mpaka shilingi na senti 20 baada ya kuniuliza ukoo wangu. Nikazifunga kwenye leso. Basi zima kutoka Moshi lilinuka karafuu, kondakta akasema nimebeba duka. Unajua, Sabato yao inapotoka Jumamosi usiku, nyota tatu zikionekana, wanaiaga kwa divai, mshumaa wa kusukwa na viungo vya kunukia, kila mtu ananusa na kumpitishia mwenzake, kuifariji roho kwa kuondokewa na siku yake. Fundi saa alikuwa na kijisanduku cha fedha chenye umbo la mnara na kibendera juu, alichotoka nacho kwao, na miaka yote alikitia mdalasini wa kununua kwa Wahindi. Jumamosi ile akamwaga mdalasini, akajaza karafuu za Kariakoo. Kilipopita mkono kwa mkono, kikafika kwa mjomba, kisha kwangu, bila mtu kufikiri sana. Nikanusa bandari ya Dar es Salaam siku ya kupakia.

Usidhani dunia ilikuwa imetulia. Oktoba 1973, vita vya Waarabu na Israeli vilipopamba moto, Tanzania ilivunja uhusiano na Israeli, na Kenya ikafuata. Msimamo wa nchi yangu ulikuwa na Wapalestina, na wangu ndio huohuo mpaka leo. Sikuuficha, na fundi saa hakunitaka niuache. Tulibishana Jumapili, si Jumamosi. Kisha ikaja wiki ile ya mwisho wa Juni 1976, ndege ya Ufaransa iliyotoka Tel Aviv ikatekwa na kushushwa Entebbe, Uganda, mateka wa Kiisraeli na Kiyahudi wakatengwa na wengine wakaachiwa. Jumamosi ya tarehe 3 Julai sinagogi lilijaa kama sikukuu. Watu ambao sikuwaona tangu nifike walikuwapo. Wakasoma zaburi nyingi na hawakubaki kwa keki. Usiku uleule ndege za Israeli zilishuka Entebbe, zikawachukua mateka, na wakati wa kurudi zikatua Nairobi kujaza mafuta, sisi tumelala Pumwani hatuna habari. Jumatatu Nairobi nzima ilizungumza kwa kunong'ona, kwa kuogopa Idi Amin, mtawala wa Uganda, atalipiza vipi. Langoni kwetu pakawekwa kufuli mbili na daftari la kuandika wageni. Mjomba hakulipenda daftari lile. Alisema miaka yake yote pale alikuwa akitambua watu kwa mwendo.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, na sisi Watanzania wa reli tukafungasha. Niliaga Jumapili, kwa sababu ya bahasha yangu. Fundi saa alinipa saa ya mkono, siyo mpya, akaniambia nisiivae Ijumaa. Nilimwambia dini yangu haina katazo hilo, akasema anajua, ananiomba tu. Nikarudi Gerezani, karakana ikiwa sasa ya Shirika la Reli Tanzania, nikakuta soko langu la Kariakoo limekwisha kubomolewa na mahali pake pamesimama jipya la zege, lenye yale mapaa ya miavuli, lililofunguliwa 1975. Mchoraji wake ni Beda Amuli, Mtanzania, na usanifu aliusomea Haifa. Mjomba alikufa Pangani miaka michache baadaye. Fundi saa aliniandikia barua mbili, kisha kimya.

Sasa nasikia mnazungumza habari za Kariakoo kuuza saa 24, siku saba, taa haizimwi. Mimi ni mtu wa Kariakoo na sina neno na biashara, ila sina hamu ya kuishi hivyo, na nadhani wanaoipigia debe hawajawahi kukaa na mtu anayejua kufunga. Wewe umeniambia mwezi ujao kampuni inakupeleka Nairobi. Sinagogi liko palepale kwenye kona, na sala za Ijumaa jioni na Jumamosi bado zinasaliwa. Usiende kichwakichwa, walinzi wa siku hizi hawatambui watu kwa mwendo. Andika mapema uombe nafasi, chukua pasipoti, vaa suruali ndefu na ufunike kichwa. Na kama ni Sabato, simu iache hotelini, usiwape watu kazi ya kukukumbusha.